Siku Chache za Kazi na Uchaguzi wa Watumishi wa Chama

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika, Majengo, Dodoma



Katika vyama vingi vya msingi yuko mtumishi mmoja anayesifiwa kuliko wote. Huyo hufungua ofisi kabla ya jua kupanda na kuifunga usiku. Hachukui likizo, na hata siku za sikukuu huonekana dirishani na kalamu yake. Wanachama humtaja kwa fahari. Lakini akiulizwa mtu ni nani mwingine aliyepata kulifungua daftari la mtumishi huyo, aghalabu jibu huwa ni kimya. Funguo zake hazijapata kulala mkononi mwa mwingine. Siku anapougua, shughuli za chama hulala pamoja naye. Na siku anapoondoka, ndipo mizania inapoanza kusimulia mambo ambayo haikuyasimulia miaka yote.

Mazungumzo haya yahusu biashara ndogo za ushirika: duka la pembejeo, ghala la mazao, mashine ya kukamua alizeti, au kibanda cha mazao karibu na soko la Majengo. Maswali ni mawili. La kwanza, biashara kama hiyo itawapataje watumishi wanaoamini yale ambayo chama kinayaamini? La pili, je, watumishi hao waweza kufanya kazi siku nne badala ya siku sita pasipo chama kupata hasara? Maswali hayo huonekana kuwa mbalimbali, lakini kwa hakika ni swali moja. Juma fupi la kazi haliwezekani kwa watu wasioaminiana, na watu wanaoaminiana hawana haja ya kulindana kwa wingi wa saa.

Dodoma ya leo na soko la kazi

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya Serikali Dodoma ulifanywa mwaka 1973. Uhamiaji wenyewe ulipata nguvu mpya mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Maendeleo hayo yameleta ofisi nyingi, mabenki na makampuni. Kijana aliyehitimu uhasibu au usimamizi wa ushirika huko Moshi hushuka Dodoma akiwa na milango mingi ya kubisha, na katika milango hiyo mlango wa chama cha msingi sio wenye mshahara mnono.

Chama kidogo kikitaka kushindana kwa fedha, kitashindwa. Lakini chama kina kitu ambacho ofisi kubwa haziwezi kukitoa kwa wepesi, nacho ni wakati. Nchi ya Ugogo ina msimu mmoja wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili hivi, na mvua yenyewe ni haba. Mwenye shamba la mtama, uwele au alizeti akiikosa siku ya kupanda, amekosa chakula cha mwaka. Mwenye zabibu huvuna mara mbili kwa mwaka, na kila mavuno yana kupogolea kwake. Mtumishi mwenye shamba anayefungwa dukani siku sita kwa juma ana njia mbili tu: ama kulipa vibarua wamlimie, ama kutoroka kazini kwa visingizio vya misiba. Chama kikimpa siku zake kwa haki na kwa maandishi, kimemlipa mshahara wa namna nyingine, na tena kimemwondolea sababu ya kusema uongo.

Maadili ya ushirika yamekwisha andikwa

Husemwa kwamba chama kitafute watu wenye maadili yake. Neno hilo ni zuri, lakini lina mtego. Katika midomo ya wajumbe fulani wa bodi, mtu mwenye maadili yetu huwa ni mpwa wa mjumbe, au jirani wa kanisani, au mwenzi wa msikitini, au mtu wa kabila lile lile. Ndipo maadili yanapogeuka kuwa jina jipya la upendeleo wa zamani.

Ushirika hauna haja ya kuyatafuta maadili yake katika ukoo. Yaliandikwa waziwazi na Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani katika mkutano wake wa Manchester mwaka 1995: kujitegemea, kuwajibika, demokrasia, usawa, haki na mshikamano, pamoja na uaminifu, uwazi, kuwajibika kwa jamii na kuwajali wengine. Kila mtu wa kila kabila na kila dini aweza kuyashika. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza ubaguzi katika ajira kwa sababu ya kabila au mahali alikotoka mtu, dini, maoni ya kisiasa, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, hali ya UKIMWI au umri. Bodi inayochagua kwa ukoo imevunja sheria na imevunja ushirika kwa mpigo mmoja.

Hata hivyo, maadili yaliyoandikwa juu ya karatasi hayamjaribu mtu. Hapana budi yageuzwe kuwa matendo ya dukani. Uaminifu maana yake ni stakabadhi kumfikia mkulima kabla hajageuza mgongo. Uwazi maana yake ni daftari linaloweza kufunguliwa mbele ya mwanachama siku yoyote bila kutayarishwa. Usawa maana yake ni mzani mmoja kwa mwenyekiti na kwa mjane mwenye debe moja. Kuwajali wengine maana yake ni kumweleza mzee asiyejua kusoma mara ya pili na ya tatu, pasipo ukali. Chama kikiisha kuyataja matendo hayo manne, kimepata kipimo cha kumpimia kila anayeomba kazi.

Funzo la miaka iliyopita

Mambo haya hayakuanza leo. Mwaka 1966 Serikali iliunda Kamati Maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Miongoni mwa kasoro ilizozieleza ni wanachama kutofahamu mambo ya vyama vyao, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, na kuingiliwa na siasa. Mwaka 1968 ukaanzishwa utumishi wa pamoja wa vyama, ambao ajira na nidhamu ya watumishi vilisimamiwa na tume moja kutoka juu. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyofungua njia ya kurudi kwake. Mwaka huo huo wa 1982 likaanzishwa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, ambalo makao yake yako hapa Dodoma.

Funzo linaloweza kuchukuliwa katika historia hiyo ni hili. Mtumishi aliyewekwa na ukoo humsikiliza aliyemweka, na mtumishi aliyeletwa kutoka mbali humsikiliza aliyemleta. Atakayewasikiliza wanachama ni yule aliyechaguliwa mbele ya macho yao, kwa kipimo wanachokijua, na ambaye kazi yake hukaguliwa na watu zaidi ya mmoja. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Yafaa iongezwe kwamba daftari lenye msomaji mmoja ni kama halipo.

Namna ya kumchagua mtumishi

Tangazo la kazi libandikwe mahali pengi: ofisi ya chama, ofisi ya kata, sokoni, misikitini na makanisani pia. Litaje kazi yenyewe, siku za kazi, saa, mshahara na tarehe ya mwisho ya maombi. Mjumbe wa bodi ambaye jamaa yake ameomba atoke katika chumba cha uchaguzi, na kutoka kwake kuandikwe katika kumbukumbu.

Katika usaili, maswali yanayouliza nia hayana faida kubwa. Mtu akiulizwa kama yeye ni mwaminifu, hakuna atakayejibu kwamba si mwaminifu. Aulizwe juu ya mambo aliyokwisha kuyafanya: ni lini alikosea hesabu, na alimweleza nani? Ni lini mkubwa wake alimtaka aandike kisicho kweli, na alifanyaje? Asiyepata kukosea katika maisha yake yote ndiye wa kutiliwa shaka.

Baada ya maswali uje mtihani wa kazi. Mwombaji wa ukarani apewe ukurasa wa daftari la fedha wenye kosa moja, na itazamwe kama atalitaja au atalifunika ili jumla ikubali. Mwombaji wa utunzaji ghala apime magunia matatu mbele ya mkulima, na itazamwe kama atamwonyesha mkulima mshale wa mzani kabla ya kuandika. Mtihani huo hauchukui zaidi ya saa moja, nao hufunua zaidi ya barua kumi za sifa.

Baada ya hapo mtumishi aingie katika muda wa majaribio. Kanuni za ajira za mwaka 2007 zataka muda huo uwe wa kiasi, usizidi miezi 12. Masharti ya kazi yake yaandikwe, naye apewe nakala.

Hesabu ya siku nne

Ichukuliwe kwa mfano biashara ya chama yenye watumishi wanne: karani wa fedha, muuzaji duka, mtunza ghala na fundi wa mashine ya alizeti. Hivi sasa wote wanne hufanya kazi siku sita, saa saba na nusu kila siku, yaani saa 45 kwa juma, ambazo ndizo kikomo cha sheria kwa kazi ya kawaida.

Mpango mpya waweza kuwa hivi. Biashara ifunguliwe siku tano badala ya sita, na siku itakayofungwa iwe ile ambayo daftari la mauzo laonyesha kuwa wateja ni wachache kuliko siku zote. Katika siku hizo tano, siku moja wote wanne wawepo. Katika siku nne zilizobaki wawepo watatu, na mmoja apumzike kwa zamu. Kila mtumishi atakuwa amefanya kazi siku nne. Akianza saa 1:30 asubuhi na kumaliza saa 11:30 jioni, akiwa na saa moja ya chakula, atakuwa amefanya saa tisa kwa siku na saa 36 kwa juma. Sheria haivunjwi, kwa kuwa saa tisa ndizo kikomo cha siku moja. Chama kikitaka siku ndefu kuliko hiyo, sheria yaruhusu mapatano ya maandishi ya hadi saa 12 kwa siku, zikiwamo za mapumziko, mradi siku zisizidi tano na saa zisizidi 45 kwa juma.

Siku ile moja ya wote ndiyo moyo wa mpango. Hiyo ni siku ya kuhesabu bidhaa, kulinganisha stakabadhi na fedha, na kukabidhiana. Katika siku nyingine, kazi ya aliyepumzika hushikwa na mwenziwe, kwa hiyo kila kazi itakuwa na watu wawili wanaoijua. Karani akiwa shambani, muuzaji hushika daftari lake. Fundi akipumzika, mtunza ghala huwasha mashine, baada ya kufundishwa na kupasishwa. Juma fupi hulazimisha daftari kusomeka. Hapo ndipo faida yake kwa chama ilipo kubwa kuliko faida yake kwa mtumishi, maana kila juma kuna ukaguzi mdogo usiolipiwa ada.

Msimu wa ununuzi ukifika, hasa alizeti zinapovunwa kuanzia mwezi wa Mei, siku nne hazitatosha. Mkataba useme mapema kwamba katika miezi iliyotajwa watumishi watarudi kwenye siku tano za saa tisa, yaani saa 45. Mtumishi anayejua hivyo tangu mwanzo hatanung'unika, kwa kuwa Januari, wakati wa palizi, chama kilimwachia siku zake.

Habari ya mshahara

Hapa pasemwe ukweli bila kuficha. Saa 36 ni sehemu nne katika tano za saa 45. Mshahara ukibaki ule ule, bei ya kila saa imepanda kwa robo. Robo hiyo haitoki mbinguni. Itatoka katika upotevu uliopungua, mafuta ya mashine ambayo hayakuwaka bila kazi, malipo ya ziada ambayo hayakulipwa, na watumishi wazuri ambao hawakuondoka baada ya mwaka mmoja. Chama kisichojua upotevu wake ni kiasi gani hakiwezi kujua kama kitaimudu robo hiyo.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kubadili lolote, biashara iandike kwa majuma manne idadi ya wateja wa kila saa, magunia yaliyopimwa, na saa ambazo mashine ilifanya kazi. Kisha mpango ujaribiwe kwa miezi mitatu, na hesabu zile zile ziandikwe tena. Mishahara isipunguzwe kwa amri ya upande mmoja. Badiliko lolote la mkataba liwe kwa mapatano na kwa maandishi, na kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na Serikali kiheshimiwe. Gharama ziingizwe katika makisio ya mapato na matumizi, ambayo mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya kuyapitisha.

Hofu ya wanachama

Wanachama watasema kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Ni kweli kwamba majaribio yanayojulikana zaidi yalifanyika huko. Nchini Iceland, kati ya mwaka 2015 na 2019, wafanyakazi zaidi ya 2,500 walipunguziwa juma la kazi kutoka saa 40 hadi 35 au 36 bila kupunguziwa mshahara. Uingereza, mwaka 2022, biashara 61 zilijaribu mpango wa namna hiyo kwa miezi sita, na 56 kati yake zikaamua kuendelea nao. Lakini isidhaniwe kwamba kila lililofaa huko litafaa Majengo. Ofisini mtu aweza kufupisha vikao. Mzani wa ghalani haupimi upesi zaidi kwa sababu siku zimepungua. Ndiyo maana hapa lazima saa zifuate wateja na misimu, na kila chama kifanye hesabu yake chenyewe.

Tena ushirika wenyewe ulianza kwa saa chache. Duka la Rochdale, Uingereza, ambalo wanaushirika wa dunia nzima hulihesabu kuwa chimbuko lao, lilifunguliwa tarehe 21 Desemba 1844 na wanachama 28, ambao wengi wao walikuwa watu wa kazi. Hapo mwanzo lilifunguliwa jioni chache tu za juma. Lilikuwa na unga, sukari, siagi na vitu vingine vichache. Kilichowavuta watu hakikuwa mlango ulio wazi mchana kutwa, maana maduka mengine yalikuwa wazi. Kilichowavuta ni bidhaa safi na uzito kamili. Mteja husubiri hadi kesho kwa muuzaji asiyemwibia.

Hofu nyingine ni kwamba mtumishi atazitumia siku zake za mapumziko kufanya biashara inayoshindana na chama. Hofu hiyo ni ya haki. Dawa yake ni kuandika katika mkataba ni biashara zipi haziruhusiwi, kwa mfano kulangua alizeti za wanachama, na kuacha mengine yawe huru. Kulima, kushona, kufuga na kusoma si adui wa chama.

Hatua za kuchukua

Ndugu Makatibu, kabla ya msimu ujao kila bodi yaweza kufanya mambo matatu ambayo hayana gharama. Kwanza, iandike matendo manne au matano yanayoonyesha maadili ya chama katika kila kazi, na kuyabandika ukutani mahali ambapo mkulima atayasoma au atasomewa. Pili, imtake kila mtumishi achukue likizo yake ya mwaka, ambayo kwa sheria ni siku 28, na kazi yake ishikwe na mwenziwe muda huo wote. Chama kisichoweza kumwachia mtu siku 28 kwa mwaka hakiko tayari kumwachia siku mbili zaidi kila juma. Tatu, ianze kuandika hesabu ya wateja na saa kwa majuma manne.

Na yule mtumishi aliyetajwa mwanzoni, asiyepata kupumzika, asionewe wala asishukiwe bure. Pengine ni mwaminifu kuliko wote, naye ameachwa peke yake na mzigo wa watu wanne. Mwaminifu wa namna hiyo ndiye wa kwanza kustahili kupumzishwa, kwa kuwa daftari lake litakaposomwa na mwingine na kukutwa safi, sifa yake haitakuwa tena maneno ya dirishani, bali itathibitishwa na hesabu. Akikataa katu kuziachia funguo hata kwa siku moja, hapo bodi itakuwa imepata jambo la kuuliza, nalo liulizwe mapema, kabla ya mkaguzi kufika.